Muhogo Juu ya Mabomba

Kila siku akitoka shule, Pulchérie alifunga kitenge kiunoni na kwenda kulinda mabomba ya mjomba wake. Mjomba Bonaventure alikuwa na mashini ya kusaga unga, ya pekee iliyobaki kijijini Swima, kando ya ziwa, tangu vita vianze. Barabara ya kwenda mjini Uvira ilikuwa haipitiki, na kifaa kikivunjika hakukuwa na pa kununua kingine. Ndiyo maana kipozeo cha mafuta ya injini kilipopasuka, mjomba alitengeneza chake. Alitoa mabomba membamba yaliyopindapinda nyuma ya frigo, yaani jokofu, iliyokufa, akayaunganisha na injini, kisha akayalaza juu ya mawe nyuma ya ukuta. Mafuta ya moto yalipita humo, upepo wa ziwa ukayapoza, yakarudi ndani.

"Kazi yako ni moja," alimwambia Pulchérie. "Kitu kisikae juu ya mabomba haya. Hata unyoya wa kuku!"

"Sawa, Mjomba."

Mjomba alishinda ndani akimimina muhogo kwenye mashini, masikio yamejaa kelele. Nyuma ya ukuta alibaki Pulchérie na akina mama waliongoja zamu.

Msimu huo watu hawakuthubutu kuanika muhogo juu ya mawe, kwa sababu wenye silaha waliuzoa kabla haujakauka. Wanawake wakauleta ukiwa bado na unyevu, na muhogo wa namna hiyo hunata ndani ya mashini kama gundi. Mama Georgette, mke wa mchungaji, alikuwa wa kwanza kugundua kwamba mabomba yana joto zuri. Akamwaga kikapu chake juu yake.

"Mama, Mjomba alikataza," alisema Pulchérie.

"We mutoto! Mi nilikubeba mugongoni, leo unanifukuza? Hii moto iko ya bure, iache ifanye kazi!"

Wengine wakacheka, nao wakamwaga vyao. Pulchérie akasogea pembeni. Mtoto atamwamrishaje mke wa mchungaji?

Haikuchukua muda, injini ikaanza kukohoa. Mjomba akaizima. Kimya kile kilikuwa kengele ya akina mama: alipozunguka ukuta, muhogo wote ulikuwa umesharudi vikapuni. Akagusa bomba, akarusha mkono kwa uchungu.

"Nani alifunika mabomba?"

"Hakuna mtu, Mjomba."

Mjomba akakuna kichwa. Akatafuta frigo nyingine iliyokufa, akaongeza na mabomba yake. Siku iliyofuata akina mama walipiga makofi.

"Bonaventure iko na akili! Sasa nafasi inatutosha sisi wote!"

Mafuta yakachemka kuliko jana. Mjomba akabeba mawe makubwa, akainua mabomba ili upepo upite na chini. Akina mama wakafurahi zaidi, maana hawakuhitaji tena kuinama. Pulchérie alitamani kupiga kelele. Akiwafukuza, ataitwa mtoto asiye na adabu. Akimwambia mjomba, uongo wake utajulikana. Kila alipoulizwa, alijibu yale yale: hakuna mtu.

Jioni moja mjomba alitoka chini ya injini, mikono myeusi hadi viwiko.

"Basi ni pampu ya mafuta," alisema kwa kuchoka. "Kesho nakwenda Uvira kwa miguu kutafuta nyingine."

Pulchérie alishtuka. Jirani yao Fabien alishika njia hiyo hiyo, na hadi leo mke wake anamngoja.

"Usiende, Mjomba. Pampu ni nzima."

"We unajua pampu?"

"Najua muhogo," alisema Pulchérie, na machozi yakamtoka. Akaeleza yote.

Mjomba alijipiga paji la uso. "Frigo mbili! Nimebeba mawe mpaka mugongo unalia! Nimelala chini ya injini kama mbwa, na we unanitazama tu?"

Kesho yake hakwenda popote. Aliiacha mashini ikinguruma, akazunguka ukuta ghafla. Mama Georgette alikuwa akipanga vipande vyake vizuri, kama anayepamba meza.

"Mama Muchungaji!"

"Ah, Bonaventure, ni kidogo tu."

"Kila mutu na kidogo yake, mashini itakufa, na mutarudi kutwanga! Kwa sababu ya hiyo kidogo mi nilitaka kupita njia ya Fabien!"

Mama Georgette akaanza kuondoa muhogo haraka haraka, akiunguza vidole.

Pulchérie alisimama upande wa pili wa mabomba. Upepo uliotoka hapo ulimpiga usoni, una joto.

"Mjomba, tuweke uchanja wa kuanikia hapa nyuma, mbali kidogo. Upepo ukishapoza mafuta, utakausha muhogo."

Mjomba aliweka kiganja hewani, akaguna. Wakajenga uchanja wa matete. Siku hiyo mashini ilisaga bila kukohoa, na bomba la kurudishia mafuta lilishikika kwa mkono.

"Sikia," alisema mjomba. "Injini ikiugua, naifungua na spana, naona ndani. We nitakufungua na nini? Ni mdomo wako tu. Heshima ni kumupokea mama muzigo. Kumuachia aharibu, halafu kumufichia, hiyo si heshima. Nusura initie kaburini."

Wakati huo huo Mama Salma, mgeni kutoka Ubwari, alifika na kikapu na kwenda moja kwa moja kwenye mabomba.

"Karibu, Mama," alisema Pulchérie, akimpokea mzigo kwa mikono miwili. "Lakini si hapo. Ni pale, kwenye uchanja."