Ujumbe wa Koplo Danstan

Kila jioni, akishaosha vyombo, Restuta alikaa jikoni na Bibi Tecla kusoma ujumbe wa simu. Bibi hakujua kusoma. Restuta, mwanafunzi wa darasa la sita huko Mabawe, alisoma kwa Kiswahili kisha akamweleza kwa Kihangaza, lugha yao ya nyumbani. Ujumbe aliousubiri Bibi kuliko wote ni wa mwanawe Koplo Danstan, baba yake Restuta. Alikuwa na kikosi cha kulinda amani nchi jirani, ambako wananchi walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe.

Jumatatu hiyo ujumbe ulisema: "Restuta mwanangu, nimepigwa risasi mguuni. Kesho napasuliwa. Saa tano, kabla sijaingizwa, nitapiga. Mwambie bibi yako akae penye mtandao. Nataka kumsikia."

Restuta aliusoma kimoyomoyo. Bibi alikuwa na presha, na nesi alishaonya asipewe habari za kumshtua. Sasa mtoto wa watu afanyeje?

"Anasemaje mwanangu?" Bibi aliuliza.

"Hajambo. Anakusalimia."

"Mungu mkubwa. Basi kesho nitapalilia maharage kwa raha zangu."

Shamba la maharage lilikuwa bondeni, na bondeni simu haishiki mtandao hata kwa dawa. Restuta alilijua hilo, lakini alimrudishia Bibi simu, akaenda kulala.

Asubuhi hesabu hazikumwingia kabisa. Akilini alimwona baba yake kitandani, akipiga simu isiyopatikana. Mapumziko ya saa nne yalipofika alimfuata Mwalimu Gidioni, akamweleza yote huku akilia.

"Ulitaka kumlinda Bibi, naelewa," mwalimu alisema kwa upole. "Lakini hilo halikuwa lako kuamua. Nenda, muda bado upo."

Alikimbia, viatu mkononi. Alimkuta Bibi ameinama na jembe, simu ameifunga kwenye pindo la kitenge.

"Shikamoo Bibi. Jana nilikudanganya. Baba ameumia."

Bibi alikaa chini, pwa, juu ya tuta. Restuta alidhani amemuua. Lakini Bibi alishusha pumzi, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza ni saa ngapi. Kisha akamshika mjukuu mkono, na miaka yake sabini, wakapanda kilima.

Walifika juu wakihema. Hawajakaa sawa, simu ikaita.

"Mama," Danstan alisema kwa sauti ndogo. "Naogopa."

Bibi alimjibu kwa Kihangaza, taratibu, kama alivyombembeleza utotoni, mpaka nesi wa huko akaichukua simu.

Jioni ulikuja ujumbe mwingine: upasuaji umekwenda salama. Restuta aliusoma neno kwa neno, mara mbili, kisha akaomba msamaha.

"Presha yangu ina vidonge," Bibi alisema. "Lakini mwanangu angeingia kule akidhani nimemtupa, kidonge cha hilo ningekipata wapi? Habari mbaya nipe, mjukuu wangu, nami nitajua la kufanya. Ukinificha, unaninyima nafasi ya kuwa mama yake."