Koki ya Pili

Kila jioni ya majira ya baridi, jua likiwa bado limekalia mgongo wa mlima, Begaim alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeigusa. Ilikuwa kazi ya kulilaza jipu.

Jipu lenyewe lilikuwa kuukuu. Baba yake, Sagin, alilinunua kwa mtu ambaye naye alilinunua kwa mtu, na kila mmoja wao aliliachia kilema chake. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya kufungia nyasi. Honi ililia lilipokata kona, utake usitake. Watoto wa kijiji waliliita Ngamia Mgonjwa kwa sababu ya kikohozi chake cha asubuhi. Lakini kila Jumapili ndilo lililowapeleka watu mnadani mjini, wao mbele na kondoo wao nyuma, na ndilo lililoleta unga na chai nyumbani kwa akina Begaim.

Kulilaza maana yake ni kumwaga maji ya injini. Baridi ya kule milimani si ya mchezo. Maji yakilala ndani ya chuma hugeuka barafu, na barafu hupasua chuma hicho. Kwa hiyo jioni yalimwagwa yote, na asubuhi mama alichemsha birika kubwa, baba akayamimina upya yakiwa ya moto.

Koki za kumwagia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa chini ya rejeta, lile sanduku la kupozea maji mbele ya injini, ukiinama tu unaifikia. Ya pili ilikuwa ubavuni mwa injini, na hiyo ilitaka ulale chali juu ya theluji, upenyeze mkono katikati ya mabomba mpaka begani. Baba alimfundisha Begaim kuifungua alipotimiza miaka kumi, na sasa alikuwa na kumi na miwili.

"Mkono wangu haupiti tena humo," baba alipenda kusema. "Bila wewe, mwanangu, ningekuwa natembea kwa miguu."

Jumamosi moja Begaim alirudi nyumbani kutoka shuleni, kwenye mazoezi ya sherehe ya mwaka mpya. Alikuwa amevaa koti jipya la buluu, la kwanza maishani mwake ambalo halikuwahi kuvaliwa na binamu. Baba alikuwa amekwisha egesha jipu na kwenda zizini kulisha kondoo. Begaim akainama, akafungua koki ya kwanza, na maji yakatoka kwa kishindo yakifuka moshi.

Akalitazama koti lake. Akaitazama theluji, nyeusi kwa oili. Akapiga goti moja alale. Hapo ndipo aliposikia vicheko nyuma ya uzio.

Alikuwa Aidai wa darasani kwao, pamoja na wasichana wengine wawili.

"Mwangalieni, anamkamua ngamia!" Aidai alisema.

"Begaim, ukimaliza kukamua tuletee chai ya maziwa!"

"Na koti jipya! Kha! Bibi harusi wa gereji!"

Begaim alihisi masikio yanawaka moto. Alisimama haraka kama aliyekutwa anaiba. "Nani anakamua? Nimeangusha glavu tu," alisema, akalikung'uta goti.

"Basi njoo dukani."

Akaenda. Moyoni alijiambia atarudi sasa hivi kufungua ile ya pili, lakini dukani maneno yalikuwa mengi na matamu. Aliporudi baridi ilikuwa inauma vidole, na lile dimbwi chini ya rejeta limekwisha ganda. Maji mengi yametoka, alijiambia, yaliyobaki yatakuwa kijiko tu. Akalifunika jipu pua kwa blanketi nene la sufu, akaingia ndani.

Baba alikuwa anakata mkate. "Umefungua zote mbili?"

"Ndiyo, baba."

Baba akamsogezea kipande kikubwa. Ndiyo moja tu, wala haikumchukua muda kuisema.

Asubuhi ya Jumapili watu sita walikuwa wamekwisha simama uani na kondoo wao, wakipiga miguu chini kwa baridi. Fundi Toktosun naye alikuwepo. Gereji yake ilitazamana na nyumba yao, na siku tatu zilizopita alikuwa ameliwekea jipu pampu mpya ya maji, kwa hiyo alikuja kuona kazi yake inavyokwenda. Baba alimimina maji ya moto, akawasha. Jipu likakohoa, likakohoa tena, likaunguruma. Kisha mama mmoja akapiga kelele, "Sagin, linajikojolea!"

Maji yalikuwa yanachuruzika ubavuni mwa injini, karibu kabisa na pampu.

Baba alizima, akachungulia. Alipoinua kichwa uso wake ulikuwa mwekundu. "Kaka Toktosun! Hii ndiyo kazi yako? Siku tatu hazijaisha!"

"Hebu nione, mdogo wangu." Mzee alisogea na miwani yake iliyofungwa waya.

"Usiguse! Umeshagusa vya kutosha. Watu wananingoja hapa, mnada haungoji. Kama macho yamechoka si useme tu?"

Mtu mmoja akanong'ona, lakini si kwa sauti ya chini vya kutosha, "Mzee amekwisha yule."

Toktosun alivua glavu, akaigeuza mikono yake mbele na nyuma. Kwa miaka arobaini mikono hiyo ilikuwa imefufua matrekta. "Labda sikukaza vizuri," alisema polepole. Akageuka, akavuka barabara.

Begaim alikuwa amesimama mlangoni ameshika birika tupu. Alijua. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini masaibu ya Begaim yalitokana na maji ambayo hayakumwagika. Alifungua mdomo. Watu sita walikuwa wanatazama. Akaufunga.

Juma lile nyumbani hapakuzungumzwa kingine.

"Mwaka huu peke yake jipu limekula kondoo wanne," mama yake, Burul, alisema akikanda unga. "Gia, kondoo. Breki, kondoo. Pampu, kondoo. Mpe yule mnunuzi wa vyuma chakavu, litutoke machoni."

"Na tutakula nini, Burul? Tutapanda nini kwenda mjini?"

"Uza yule farasi jike uongeze, tununue gari lingine. Hili limekwisha. Hata fundi mwenyewe amekiri hajui tena kulitengeneza."

Baba alichungulia jipu dirishani. "Ningejua kama ni uzee wa gari au ni kosa la mkono wa mtu, ningejua la kuamua. Sasa mimi najuaje?" Mwishowe akatuma salamu kwa mnunuzi wa vyuma aje Jumamosi.

Usiku Begaim alijifunika gubigubi, na bado aliona aibu, mtu peke yake ndani ya giza. Alijaribu kujituliza: gari ni bovu hata hivyo, lingekufa tu. Lakini kila alipotaka kulala aliisikia ile sauti ya upole ikisema, labda sikukaza vizuri.

Ijumaa mama alimtuma apeleke sahani ya maandazi kwa Toktosun. "Baba yako amemkosea heshima mtu mzima," alisema. "Pampu mbovu au nzima, jirani ni jirani."

Gereji ilikuwa baridi, jiko halijawashwa. Mzee alikuwa ameketi juu ya tairi, gunia wazi mbele yake. Alichukua spana moja ukutani, akaipangusa kwa kitambaa, akaitia ndani ya gunia. Akachukua nyingine.

"Babu, unahama?"

"Nahama wapi mimi? Kesho mnunuzi wa vyuma anakuja kwenu. Nitampa na hizi." Alijaribu kutabasamu. "Leo ni pampu ya baba yako. Kesho nikikosea breki je, watu watumbukie mtoni? Bora kuacha kabla ya kuua mtu."

Begaim aliweka sahani chini. Akapiga moyo konde.

"Babu, hukukosea. Ni mimi. Sikufungua koki ya pili."

Toktosun alibaki na spana mkononi. "Umesema nini? Rudia."

Akarudia yote: koti, Aidai, glavu ambayo haikuanguka, na ile ndiyo aliyomwambia baba. Machozi yalimtoka, na kamasi pia, hakujali tena.

Alidhani mzee atamwambia nyamaza mwanangu, yamekwisha. Wapi! Toktosun aliitupa spana sakafuni ikalia kama kengele.

"Siku tano, mtoto wewe! Siku tano sikuvuta usingizi! Nimeifungua na kuikaza ile pampu kichwani mwangu mara elfu, nikitafuta nilipokosea!" Alisimama, akakaa tena, akavua miwani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Afadhali umesema. Haya, nenda kwa baba yako."

"Babu, si umwambie wewe?"

"Mdomo uliodanganya ni wa nani? Basi ndio huo huo utakaonyoosha."

Baba alikuwa uani anapasua kuni. Begaim alimweleza akitazama shoka badala ya uso wake. Alipomaliza, baba hakupiga kelele. Alikaa juu ya gogo, shoka mapajani.

"Kila jioni ninakuuliza," alisema. "Si kwamba sikukuamini. Niliuliza kwa sababu nilipenda kusikia ukijibu."

Maneno hayo yalimwingia Begaim kuliko kofi.

"Na mimi nimemtukana mtu aliyenizidi umri kwa miaka mingi," Sagin aliendelea. "Mbele ya watu sita. Nitamwomba radhi mbele ya hao hao sita. Nawe utasimama ubavuni mwangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi mnunuzi wa vyuma alikuja, baba akamwambia apite tena wiki ijayo. Jumapili wale sita walikuja kuulizia usafiri, na walikuta baba na binti wamesimama uani, Toktosun katikati yao. Baba alivua kofia yake ya sufu katika baridi ile. "Kaka, nilikuvunjia heshima bila kosa. Nisamehe." Begaim naye akasema kosa lake kwa sauti ya kusikika. Yule aliyenong'ona mzee amekwisha alianza kuhangaika na kamba ya kondoo wake ambayo haikuwa na tatizo lolote. Kuvuka uani kurudi ndani ya nyumba hakukuwahi kuwa safari ndefu kama siku ile.

Kisha Toktosun akalala chini ya jipu. Alitoka na barafu kwenye ndevu. "Pampu haina neno. Injini ina ufa, urefu wa kidole."

"Nieleze ukweli, kaka," baba alisema. "Nilitengeneze, au nimpe mtu wa vyuma?"

"Ukweli ni kwamba jipu hili ni zee, na litakusumbua tena. Burul hajakosea. Lakini safari hii halikufa kwa uzee, lilipasuliwa na baridi, na ufa huu naweza kuutia kiraka cha chuma. Kitashika mpaka nyasi ziote. Wakati huo uza, na mnunuzi umwonyeshe kiraka kwa kidole chako mwenyewe."

Mama, aliyekuwa mlangoni, alikunja mikono. "Mpaka nyasi ziote. Siku moja zaidi, nalisukuma mtoni mwenyewe." Watu wakacheka, na baba akakubali.

Begaim alimsaidia fundi siku nne nzima baada ya masomo, akimshikia taa na kumpa spana zilizorudi ukutani. Siku ya mwisho, mzee akiwa anakaza skrubu ya mwisho ya kiraka, alisema bila kugeuka:

"Unajua, binti, mtu anaposema uongo kuhusu ugonjwa, mgonjwa hupewa dawa isiyo yake. Nyumba yenu ilikuwa karibu kuuza farasi na gari, na mimi spana zangu, kwa sababu ya koki moja. Wewe ulikuwa na aibu mara mbili. Uliona aibu kulala kwenye theluji ukifanya kazi ya baba yako, na hiyo haikuwa aibu ya kitu chochote. Kisha ukaona aibu kwa uongo wako, na hiyo ndiyo ya kweli. Ile ya kwanza uiache ipite na wanaocheka. Hii ya pili ikikujia, isikilize mapema, maana kila siku unayoilaza inapasua kitu."

"Nimesikia, babu."

"Haya, nipe kitambaa."

Jipu lilikohoa na kuondoka Jumapili iliyofuata, honi ikilia kwenye kona. Begaim alirudishiwa kazi yake ya jioni, lakini sasa baba alitoka kila mara na tochi, akainama, akakagua koki zote mbili kabla ya kuingia ndani. Begaim alisimama pembeni ameinamisha kichwa, na kila jioni iliuma, naye hakulalamika. Aliyaona ni malipo yake.

Ikapita wiki, ikapita mwezi. Jioni moja Begaim alikuwa amelala chali kwenye theluji, koti lake la buluu likiwa na doa la oili begani ambalo sabuni ilishindwa, alipomsikia Aidai nyuma ya uzio.

"Leo unakamua tena?"

"Nakamua," Begaim alijibu kutoka chini ya gari. "Subiri, koki ya pili bado."

Aidai alisubiri. Maji yalitoka yote, mpaka tone la mwisho. Begaim alijifuta mikono, akasimama kumngoja baba na tochi yake.

Baba hakutoka. Dirisha lilifunguka kidogo, na sauti yake ikaja pamoja na mvuke wa chai.

"Zote mbili?"

"Zote mbili, baba!"

"Basi ingia ule," baba alisema, akafunga dirisha.