Aliyeiunda Baiskeli Nyeusi

"Baba, hii si kazi ya babu."

"Hebu rudia nisikie vizuri."

"Si kazi yake," binti alisema. Sauti ilikuwa imeshuka, lakini hakurudi nyuma. "Njoo uangalie mwenyewe."

Fundi hakwenda kuangalia. Alibaki upande wa pili wa karakana, akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akamwambia kwamba yai halimfundishi kuku kutaga. Mtaa mzima ulijua kuwa baiskeli nyeusi iliundwa na babu, bomba kwa bomba. Jina la babu ndilo lililoandikwa juu ya mlango, na ndilo lililowalisha hadi leo. Sasa bibi wa makumbusho alitaka kuiweka kwenye kabati la kioo, na aliomba kitu kimoja tu: jina la aliyeiunda, lenye uthibitisho, aliandike kwenye kibao. Angekuja Alhamisi.

Ndiyo maana binti alikuwa akikwangua rangi, akitafuta muhuri wa babu. Muhuri hakuuona. Aliona mikwaruzo ya tupa kwenye maungio, pale shaba iliposawazishwa baada ya kulehemiwa. Tangu alipoacha shule alishinda kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akipiga tupa, naye alijua kuwa mkono wa kulia huacha mikwaruzo iliyolalia upande mmoja. Hii, ungio baada ya ungio, ililalia upande mwingine. Babu alitumia mkono wa kulia, kama baba.

"Aliyeiunda alikuwa mashoto," alisema.

Gurudumu la nyuma, lililokuwa limening'inia bila kuguswa na mtu, likaanza kuzunguka. Tik, tik, tik.

Fundi alisema ni upepo. Mlango ulikuwa umefungwa.

Kesho yake tupa zote, ambazo fundi huzipanga kulia kwa jiliwa, zilikutwa kushoto. Binti alizirudisha. Kufika adhuhuri zilikuwa kushoto tena, na mipini yake ilikuwa na joto, kama imetoka mkononi mwa mtu sasa hivi. Karakana ilinuka shaba iliyoyeyuka, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya ukucha ulioungua, ingawa moto haukuwashwa tangu juzi. Jioni fundi aliangusha spana. Aliiokota, ikaanguka tena. Nyumbani mama alimkanda vidole vya mkono wa kulia kwa maji ya moto mpaka maji yakapoa, na vidole vikabaki baridi kama koleo lililolala nje.

Jumatano mchana, jua likiwa utosini, binti aliingia na chai akamkuta baba yake amesimama mbele ya jiliwa, macho wazi lakini hayamwoni mtu, na gurudumu likizunguka nyuma yake kwa kasi ambayo hata mteremko hauwezi kuipa baiskeli, na harufu ile ikiwa imejaa karakana, na mkono wa kulia wa baba, mkono uliomfundisha kushika tupa, ukiwa katikati ya meno ya jiliwa, huku mkono wa kushoto ukizungusha mpini polepole, kwa utulivu, kama wa mtu anayekaza kazi yake ya kila siku.

Chai ilimwagika. Aliuzungusha mpini kinyume kwa mikono yote miwili, akishindana na nguvu isiyokuwa ya baba yake, mpaka mkono ukatoka.

Mganga aliyeitwa na mama alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alitega sikio kwenye bomba la kiti, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema mna jini humo. Lilikuwa la fundi mmoja mashoto, likimsaidia kazi; bwana wake alipokufa, lilijifungia ndani ya kitu pekee alichokiacha.

"Halitaki kuku wala ubani," alisema. "Linataka bwana wake atajwe mbele za watu, tena kwa mdomo uleule ulionyamaza. Likitajiwa, litaondoka. Likidanganywa tena, litahama. Litamwingia aliyedanganya."

Alipoondoka, fundi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kusema bila kumtazama binti yake. Babu alikuwa na mdogo wake, wakimwita Shoto. Shoto ndiye aliyeunda baiskeli, babu akaipaka rangi na kusema ni yake. Shoto akaapa ataunda nyingine, watu waone. Siku hiyo babu aliushika mkono wa kushoto wa mdogo wake akautia kwenye jiliwa. Kidonda kilioza, na kabla ya mwezi kuisha Shoto alikuwa kaburini.

"Nilikuwa na miaka saba," alinong'ona. "Sikukaza jiliwa mimi, mwanangu. Mimi nilishikilia mlango usifunguke."

Binti alimshika ule mkono wa baridi. Baba akaapa kwamba kesho atasema, na binti akamwamini.

Alhamisi bibi wa makumbusho alikuja na karatasi zake, na wateja na majirani wakajaa kushuhudia. Gurudumu lilizunguka kidogo, likasimama, kama mtu anayetega sikio. Bibi akauliza aliyeiunda ni nani basi. Fundi aliwatazama wateja wake. Aliinua macho mpaka kwenye jina lililo juu ya mlango.

"Marehemu baba yangu," alisema.

"Ni babu mdogo," binti alisema kwa nguvu. "Ni Shoto. Baba, sema."

Fundi alicheka, akawaambia watu kwamba watoto wa siku hizi ukiwapa tupa wanajiona mainjinia. Watu wakacheka naye. Hakuna kilichoanguka. Gurudumu lilitulia, harufu ikakatika, na karakana ikawa nyepesi kama karakana nyingine yoyote. Baba akamkonyeza binti yake: unaona?

Kisha akachukua kalamu, akatia saini haraka, vizuri, bila kutetemeka. Wapagazi wakaitoa baiskeli. Bibi wa makumbusho aliikunja karatasi, akafika mlangoni, akageuka akitabasamu.

"Kumbe na wewe ni mashoto, fundi," alisema.