Wimbo wa Kisima cha Chumvi

Jumatatu mchana, filamu ya kwanza ya tamasha la filamu za muziki ilipofika katikati, Razija alisikia mwanamke akivumisha wimbo puani, chini ya kelele za magitaa.

Alishtuka. Filamu ile ilihusu bendi ya roki ya Poland, wanaume peke yao, wenye sauti za kukwaruza. Kwa miaka kumi na tisa Razija ndiye aliyeendesha mitambo ya picha na sauti katika sinema kongwe ya mji wa Tuzla, Bosnia, na masikio yake aliyaamini. Akavaa vipokea sauti vya masikioni kusikiliza filamu yenyewe: mwanamke hayumo. Akavivua: yumo, tena harufu ya maji ya chumvi inapanda kutoka kwenye viti.

Jumanne ilionyeshwa filamu ya bendi ya Wahungari. Mwanamke yule akaanzia pale alipoachia jana.

Jumatano asubuhi akaja Fikret, aliyekuwa mpiga gitaa wa Sirova So, bendi iliyoutikisa mji ule miaka ya themanini. Filamu inayowahusu ingeonyeshwa jioni hiyo, naye alitaka kuijaribu.

"Dada Razija, mtambo wako huu unanenepesha watu?" aliuliza alipojiona kwenye pazia la sinema akihojiwa, mzee mwenye tumbo.

"Mtambo hauna kosa, kaka. Kalaumu burek, hayo maandazi ya nyama unayoyala."

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. Kisha kwenye pazia bendi ikaanza wimbo wake mashuhuri, na kabla Mirza mwimbaji hajafungua kinywa, yule mwanamke akamtangulia. Kicheko kikamfia Fikret usoni.

"Zima."

"Kuna nini?"

"Zima, nakuomba kwa jina la Mungu!"

Chumbani kwa mitambo alishika kikombe cha kahawa asiinywe. Alisema kwa kunong'ona, jicho likiwa mlangoni.

"Ule wimbo si wetu. Tulikuwa tunafanya mazoezi humu chini, ghalani, penye kile kisima cha zamani cha maji ya chumvi, kilichozibwa kwa mbao. Mirza akasikia mtu anaimba chini ya mbao. Wiki nzima alilala kifudifudi katega sikio, mpaka akautoa wote. Sisi tukaupachika majina yetu."

"Na Mirza?"

"Ulipovuma tu, sauti ikamkauka. Alikufa anafungua mdomo na kuufunga, kama samaki. Watu nikawaambia ni saratani."

"Basi tusiionyeshe, kaka Fikret."

"Utamwambia nini Bi Šefika, mama yake Mirza? Ana miaka themanini na sita yule mama. Kanunua gauni aje amwone mwanawe akiimba."

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Jioni ukumbi ulijaa. Bi Šefika aliketi mstari wa mbele, mikono mapajani, na mwanawe alipotokea kwenye pazia, kijana na mwenye nywele nyingi, alitabasamu kama msichana. Wimbo ukaanza. Razija, juu kwenye chumba chake, akamsikia yule mwanamke akiingia, halafu akasikia mwanamume mmoja wa mstari wa nyuma akivumisha naye, halafu jirani yake, halafu mstari mzima, na sauti ikatambaa kutoka kiti hadi kiti kama maji yanayojaza chumba, hata watu mia tatu wakawa wanaimba puani huku midomo yao imefumbwa na macho hawayapepesi, na harufu ya chumvi ikamwingia Razija mpaka kooni, naye akakata umeme wote, filamu ikafa, taa zikafa, lakini kule gizani watu waliendelea kuimba.

Alipowasha taa walinyamaza, wakatazamana kama waliotoka usingizini. Bi Šefika peke yake ndiye hakuamka sawasawa. Alifungua mdomo, akaufunga. Sauti hakuna.

"Mungu wangu," Fikret alisema. "Kama Mirza vilevile."

Asubuhi walimleta bula Hasnija, mwalimu wa dini mwenye kisomo cha kuondoa hofu na mashetani. Akashuka nao ghalani, akamketisha Bi Šefika kando ya kisima, akamfunika shuka, akasoma, kisha akamimina risasi iliyoyeyushwa ndani ya bakuli la maji lililoshikwa juu ya kichwa chake. Maji yakachemka. Risasi ikatoka na umbo la mdomo ulio wazi.

"Huyu wa kisimani hana uadui," bula alisema. "Anadai chake. Nani alikichukua?"

Fikret akapiga magoti juu ya mbao, analia waziwazi. "Ni sisi. Tulikuibia, tukasema tumetunga. Chukua wimbo wako. Mwachie mama wa watu."

Chini ya mbao kikapita kitu kama pumzi ndefu, mbao zikainuka zikatua. Bi Šefika akakohoa.

"Nipeni maji," alisema. "Na wewe Fikret, acha kulia, mtu mzima."

Walipoicheza tena ile filamu, kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa wimbo ule mmoja. Mirza alifungua kinywa, vidole vikakimbia kwenye nyuzi, na ukumbi ukawa kimya.

"Kauchukua hata kutoka vichwani mwetu," bula alisema. "Kama kuna aliyebaki nao, basi mwenye wimbo kamchagua huyo akae naye."

"Mimi siukumbuki hata kidogo," Fikret alisema, akishangaa. "Miaka arobaini nimeupiga!"

Bula akageuka. "Na wewe, mwanangu?"

"Siukumbuki," Razija alijibu, akameza mate yenye chumvi, maana wimbo wote, toka mwanzo hadi mwisho, ulikuwa umesimama kooni mwake unangoja auimbe.