Bastola Aliyoipokea Ineza

Risasi kumi, tundu moja. Léonidas alikuwa amelenga katikati ya karatasi, nazo zote zikaenda kutoboa chini kabisa, kwenye kona ya kushoto.

"Eish, Papa Ineza, unalenga nini, viatu?" Sébastien alicheka mpaka akavua vizibo vya masikio. Alikuwa jirani yake pale Queensburgh, kitongoji cha Durban, Mkongo wa Uvira, na ndiye aliyemwingiza kwenye klabu ya shabaha.

Léonidas alicheka naye, lakini roho haikutulia. Utotoni kwao Burundi alizikimbia bunduki hadi miguu ikavimba. Sasa ni mtu mzima, karani wa ofisi ya meli bandarini Durban, na alitaka walau moja imtii yeye. Alisubiri kibali mwaka mzima, kisha akajinunulia bastola kuukuu, mtumba wa jeshi la ng'ambo, ya kupigia karatasi tu Jumamosi. Risasi alizinunua uwanjani na kuzimaliza palepale. Nyumbani haikuingia hata moja, na bastola yenyewe ililala kwenye sefu iliyofungwa ukutani, koridoni.

Jumatatu jioni binti yake Ineza, mwenye miaka sita, alipita koridoni kwenda kuoga. Ndani ya sefu kukasikika mlio: ka!

Léonidas alinyanyua kichwa. Mlio huo aliujua, ni wa nyundo ya bastola ikianguka juu ya chemba tupu. Akapita yeye, kimya. Akapita mkewe Antoinette na beseni la nguo, kimya. Ineza akatoka bafuni akiimba. Ka!

Jumatano nyumba nzima ilinuka baruti na kitu kingine kama blanketi lililooza kwa mvua. Antoinette alisugua sakafu, akafungua madirisha yote, wapi! Alhamisi Léonidas akafungua sefu. Bastola ilikuwa na joto kama mkate uliotoka kuokwa, na ndani yake mlikuwa na risasi moja yenye kutu, ya aina ambayo hajapata kuinunua. Akaitoa, akaenda kuitupa baharini. Kesho yake ikawapo nyingine.

Akairudisha bastola kwa muuzaji aliyemuuzia, akamsihi abaki nayo kwa bure, akatoka dukani akipumua kama mtu aliyetua gunia la saruji, akaendesha gari hadi nyumbani, akamkuta Ineza ameketi koridoni anafunga kamba za viatu, akataka kumwinua ambusu, na kabla mkono haujamfikia, kutoka kwenye sefu aliyoiacha tupu, aliyoifunga mwenyewe, ambayo ufunguo wake ulikuwa bado mfukoni mwake, kukasikika ka, ka, ka, bila kupumzika. Alifungua. Bastola ilikuwa imerudi kabla yake.

Mchungaji wa kanisa lao alikuja, akakemea pepo saa mbili hadi sauti ikamkauka. Sefu ilijibu kila amina.

"Papa Ineza," Antoinette alinong'ona jikoni, macho mekundu, "ile kitu inatafuta mutoto wangu. Ulifanya nini? Sema kweli."

Léonidas alichukua funguo za gari. Shemasi mzima wa kanisa, akatoka bila kumtazama mkewe.

Siku hiyohiyo alikwenda Chatsworth, kwa Maalim Amade, mzee wa Kizanzibari ambaye watu wa kanisa lake humtaja kwa kushusha sauti. Maalim alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Nani alikipokea kitu hicho nyumbani?"

Hapo Léonidas akalia. Kanisani kwao, kila kitu cha mtumba kinachonunuliwa, friji au gari, mtoto hukiwekea mkono kwanza, kwa kuwa mkono wa mtoto ni safi, na baba huomba: "Bwana, kilichomo humu kimtambue mwenyeji wake." Magari yote ya kanisani yamepokewa hivyo. Bastola hakuthubutu kuipeleka kanisani. Basi mchana mmoja, Antoinette akiwa saluni kazini, aliuchukua mkono wa Ineza, akauweka juu ya chuma, akaomba.

"Ya Rabi," Maalim alisema polepole. "Mwanangu, kilichomo humo ni jini la vita. Nawe ulimfanya mtoto kuwa mwenyeji wake, baba mtu, kwa mdomo wako. Utamkemeaje mgeni uliyemwita?"

"Maalim, nifanyeje? Limwache mtoto! Linichukue mimi!"

"Basi weka mkono wako, utaje jina lako, ulipokee upya. Ukishalipokea, usikae nyumba moja na mtoto, wala usimfuate aliko. Huenda likakubali."

"Huenda?"

Maalim aliongeza ubani kwenye makaa.

Léonidas alifanya yote. Antoinette na Ineza wakapanda basi la Pretoria, kwa Marie-Claire, dada yake Antoinette. Mtoto alilia akishika kola ya shati la baba yake, na ilibidi watu wawili wambandue vidole. Sefu ikanyamaza. Wiki tatu nzima Léonidas aliishi peke yake na harufu ile, akimshukuru Mungu huku anakonda, kwa sababu mtoto alikuwa salama.

Jumapili adhuhuri akapiga simu. Ineza ndiye aliyepokea.

"Mama iko wapi?"

"Iko nyuma na Tantine Marie-Claire, wanaanika nguo. Papa, unakuya lini?"

"Sitakuya, mama yangu. Papa iko na kazi mingi."

"Papa, juu ya nini unajibu mara mbili? Wewe unasema haukuye. Ule mwengine anasema iko ku mulango, nimufungulie."

"Ineza, usifungue! Ineza! Ita mama!"

Akasikia simu ikiwekwa juu ya meza, na viatu vidogo vikikimbilia mlangoni.