Mkono Uliopanda Bure

Kila jioni akitoka shule, Kifua alitundika shati la sare msumarini, akasimama mbele ya kipande cha kioo kilichokuwa juu ya karo la kunawia na kuvuta pumzi mpaka mbavu zikahesabika. Wenzake walimpa jina hilo kwa kejeli, maana kifua chenyewe hakikuwepo. Yeye alilipokea kama cheo.

"Ukimaliza kujipenda, njoo unigeuze," babu aliita kutoka chumbani. "Nimelala ubavu mmoja tangu adhuhuri kama gunia lililosahauliwa stendi."

Babu alikuwa kondakta wa basi mpaka alipostaafu. Sasa miguu ilikuwa imemkataa, akabaki mifupa na maneno, na maneno ndiyo yaliyokuwa mazito. Mama ndiye aliyekuwa akimtoa kitandani na kumweka kwenye kiti chake cha dirishani, lakini mgongo ulianza kumuuma na daktari akamkataza kubeba. Baba, dereva wa lori, alionekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Ndipo mama mkubwa, anayekaa mbali, alipotuma neno: ikiwa hakuna wa kumnyanyua mzee, mwezi ukiisha angekuja kumchukua.

Kifua hakutaka babu aondoke. Ulimi wa mzee ulikuwa upupu, lakini bila ulimi ule nyumba ingepoa kama jiko la jana. Ndiyo maana aliamua kujenga misuli.

Nyuma ya karakana ya Mama Cheche, fundi wa kuchomelea, kulikuwa na banda la mabati ambamo vijana walinyanyua vyuma, naye akiwaangalia. Vyuma vilitengenezwa papo hapo. Kulikuwa na chuma kirefu, bomba lenye kopo la rangi lililojazwa saruji kila upande, la kushikwa kwa mikono miwili. Kulikuwa pia na dambeli, vyuma vifupi vya mkono mmoja mmoja, vyenye makopo ya maziwa. Dambeli kubwa kuliko zote ilizuia mlango usijifunge. Hiyo ndiyo heshima iliyopewa.

"Hizo ni za kuchezea watoto wachanga," Kifua alisema, akamwangalia binti wa fundi, aliyesoma naye darasa moja, akipandisha dambeli taratibu, kulia kisha kushoto. "Wewe unanyanyua au unatwanga?"

"Bora mimi ninayetwanga," binti alijibu bila kugeuka. "Chuma chako kimelala kushoto kama mlevi."

"Sakafu ndiyo imelala."

Mama Cheche alipandisha miwani yake myeusi. "Sakafu hiyo niliipiga pima maji kwa mikono yangu. Chuma kikipinda, mwulize anayekibeba."

Kifua alicheka kwa dharau. Mwanamke na binti yake wangemfundisha nini kuhusu misuli? Akaendelea na chuma chake kirefu, kulia juu, kushoto chini.

Wiki ile ile akapata nafasi ya kuonyesha nguvu zake. Alipitisha mikono chini ya makwapa ya babu, akamnyanyua. Mzee alipanda, akaning'inia, kisha akaanza kuteleza upande wa kushoto. Mama akaruka kumdaka. Babu alifika kitini salama, lakini mama alijishika kiuno, akakaa sakafuni, machozi yakimlengalenga.

"Unanimwaga kama uji," babu alisema.

"Godoro limebonyea, babu."

"Godoro. Juzi ulinisimulia sakafu ya bandani imelala, leo godoro. Kesho utasema mimi ndiye niliyepinda." Mzee alimtazama juu mpaka chini kama abiria mwenye noti ya bandia. "Ndoo unabeba kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na mkoba?"

Kifua aliutazama mkono wake wa kulia.

"Basi mkono wako wa kushoto ni mpanda bure. Nimewajua watu hao. Wanaingia wawili, mmoja analipa, mwenzake anatazama dirishani kana kwamba amelipa. Wakiwa wamekaa pamoja huwezi kumjua. Nilikuwa nawateremsha mmoja mmoja mlangoni. Mlangoni kila mtu huonyesha tiketi yake."

Kifua alimtazama mama aliyekuwa bado sakafuni, asipate kisingizio kingine.

Kesho yake alienda bandani, akachukua ile dambeli iliyokuwa mlangoni. Mlango ukajibamiza, vijana wote wakageuka. Mkono wa kulia uliipandisha. Akahamishia wa kushoto. Ulifika kiunoni, ukagoma.

Kicheko kilitikisa mabati. "Kifua cha upande mmoja," mmoja alisema.

Binti wa fundi hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi. Alisukuma kwa kidole cha mguu dambeli ndogo kuliko zote. "Anza na hii. Mimi niliianza nikiwa darasa la tatu."

Kifua alimeza dharau yake, nayo ilikuwa chungu. Akaichukua.

Toka siku hiyo mkono wa kushoto ulitangulia, na wa kulia ukafanya kiasi kile kile, si zaidi. Ndoo ya maji ikahamia kushoto. Kioo cha karo kikabaki na upweke wake. Mama Cheche alimfundisha kupiga magoti na kunyoosha mgongo anaponyanyua kitu chini, na kupumzika siku moja baada ya mazoezi. Mwishowe ndipo alipomrudisha kwenye chuma kirefu. "Si kibaya," alisema. "Ndicho kinachokubali uzito mkubwa. Ila hakijui kusema nani kati ya mikono miwili anafanya kazi."

Safari hii makopo yote mawili yalipanda sawa.

Mama mkubwa alikuja siku aliyoahidi. Nguo za babu zilikuwa tayari begini. Kifua aliingia chumbani, akapiga magoti kidogo, akapitisha mikono, akanyanyua. Babu alitoka kitandani amenyooka, akatua kitini bila hata kofia kusogea. Mama alikuwa amesimama ukutani, mikono mfukoni.

"Mdharau mwiba mguu huota tende," babu alisema, akijiweka sawa. "Ulidharau chuma kidogo, ukamdharau fundi na bintiye, ukajificha nyuma ya chuma kikubwa. Udhaifu ukifichwa haufi, mjukuu wangu. Unangoja siku utakapobeba mtu. Mtu akuonyeshe ulipo dhaifu, mshukuru, kisha uanzie hapo."

"Asante, babu."

"Usidhani nimekusifu. Nimekagua tiketi tu."

Mama mkubwa aliwatazama wawili hao, kisha akavuta begi karibu na kabati, akaanza kurudisha nguo moja moja.