Sekunde Kumi za Mabawa

Foleni ya chai kwenye kantini ya shirika la umeme ilikuwa imefika mlangoni pale sauti nyuma ya Mwongozaji wa gridi ya umeme iliposema, "Dada, sukari imekwisha au umeificha?"

Mwongozaji aligeuka. Miezi saba sauti hiyo ilikuwa ikimjia kwa simu kutoka kwenye mitambo ya upepo. Leo ilikuwa na mwenyewe, mrefu, ndani ya ovaroli iliyopauka kola.

"Kumbe ndiwe Fundi!"

"Kumbe ndiwe unayewakamua wanangu!"

Aliwakamua kweli. Mapigo ya gridi hutakiwa yawe hamsini kwa sekunde. Mtambo mkubwa ukizimika ghafla yanaanza kuzama, na hapo mabawa ya mitambo ya Fundi hutoa nguvu ya mzunguko wake yenyewe, huyashikilia mapigo sekunde kumi mpaka mtambo wa akiba uwake. Baada ya hapo yamechoka. Sharti yaachwe yapate kasi tena.

Wakapendana. Simu za chumba cha uongozaji hurekodiwa, basi mahaba yakavaa sare.

"Kituo cha Upepo, umekula?"

"Nimekula. Leo umevaa nini, Uongozaji?"

"Gauni la kijani."

"Imepokelewa."

Jumanne moja ya manyunyu, mtambo wa gesi ulizimika. Mabawa yakatoa, yakashikilia. Mtambo wa akiba ukagoma kuwaka.

"Toa tena, Fundi!"

"Mpenzi, usiombe tena. Wanangu hawana kitu, watasimama."

Mwongozaji akabonyeza mwenyewe kitufe cha kuyaamuru mabawa. Yakasimama yote, na nusu ya jiji ikazimika.

Kamati ya uchunguzi ikamtaka Mwongozaji akabidhi rekodi za simu za zamu yake. Akakabidhi zote isipokuwa ile ya "usiombe tena". Mitambo ya upepo ikaandikwa haiaminiki, Fundi akasimamishwa kazi. Siku tisa Fundi hakupokea simu za Mwongozaji.

"Mwanangu, hiyo chai unainywa au unaiaga?" mama yake Mwongozaji alimuuliza.

Siku ya kumi Fundi akapokea.

"Uliificha rekodi kwa sababu nilisema 'mpenzi', au kwa sababu nilisema 'usiombe'?"

Kesho yake Mwongozaji alivaa lile gauni la kijani, akaifungulia kamati rekodi. Wazee sita wakacheka kwenye "mpenzi", kisha wakairudisha nyuma wasikilize tena "usiombe". Fundi akarudishwa kazini. Mwongozaji akaondolewa kwenye meza ya uongozaji, akapelekwa stoo kuhesabu nyaya.

Jioni alipiga simu akiwa kwao, kitandani.

"Kituo cha Upepo."

"Ni mimi. Laini hii hairekodiwi. Liseme basi lile neno walilolicheka."

Fundi akasema taratibu:

"Nilishatoa, mama. Usiombe tena kwa sasa."

Safari hii hakuomba. Wala hakukata simu. Alilala nayo sikioni, akisikiliza kule mbali mabawa yakizunguka polepole, na pumzi ya mtu ambaye naye hakukata.